Wenye boti binafsi mwaloni, tafadhali someni
Habari za asubuhi ndugu zangu. Upande wa kushoto tuwaachie wavuvi, wanashusha samaki alfajiri. Sisi tufunge kulia, nanga mbele na kamba nyuma, maana upepo wa Ziwa Victoria ukigeuka usiku boti zinagongana hadi mbao zinapasuka. Injini fungueni mwende nazo nyumbani. Boti isiyotumika ipandishwe nchi kavu, ilazwe juu ya magogo, na gugumaji lililonasa kwenye pangaboi litolewe hapohapo lisihamie mwalo mwingine. Ila banda la kudumu hapana kabisa: Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Aliyekosa nafasi aniandikie leo.