Kuwahi Chuo: Barua ya Wazi kwa Vijana wa Kidato cha Sita, Dodoma

Wajukuu zangu mlioko Dodoma mjini, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa, Chamwino, Bahi na Chemba, mbukwenyi.

Nawaandikia kwa sababu swali moja limefika barazani kwangu mara nyingi kuliko nilivyozoea katika miaka yote niliyofundisha na hii niliyokaa nyumbani Kikuyu baada ya kustaafu. Swali lenyewe ni hili: "Babu, eti anayeomba chuo mapema ndiye anayepata?" Anayeuliza huwa amelisikia jambo hilo kwa jamaa aliyesoma Marekani, au kwa wakala anayetafutia vijana vyuo vya nje, au kwa mwenzake wa bwenini aliyekesha siku dirisha la udahili lilipofunguliwa ili jina lake liwe la kwanza. Watu hao watatu wanatumia neno moja, lakini kila mmoja anasema jambo lake, na wapo watoto ninaowafahamu waliopoteza fedha kwa kuyachanganya, na mmoja aliyepoteza mwaka mzima kwa kutojua kipi hasa cha kuwahi.

Nianze na Marekani, maana wimbi hili limetoka huko. Maombi ya kawaida ya vyuo vyao vikubwa hufungwa karibu na Januari mosi, majibu hutoka kufikia mwisho wa Machi, na mwanafunzi hupewa hadi Mei mosi kuamua aende wapi. Pamoja na njia hiyo, tangu miaka ya 1950 baadhi ya vyuo vya kaskazini-mashariki mwa nchi vilianza kupokea maombi ya mapema, na leo njia hiyo ya pembeni imegeuka kuwa barabara kuu. Ina matawi mawili. Katika tawi la kwanza mwanafunzi huomba kufikia tarehe 1 au 15 Novemba, hujibiwa Desemba au muda mfupi baadaye, na bado huwa huru kulinganisha vyuo hadi Mei. Tawi la pili humfunga. Huomba chuo kimoja tu kwa njia hiyo, na yeye, mzazi wake na mshauri wa shule hutia saini kwamba akikubaliwa ataondoa maombi yake mengine yote na kwenda huko. Vyuo vingine vimeongeza awamu ya pili ya kufunga, ambayo tarehe yake huangukia Januari, ili aliyekosa Desemba apate pengine pa kujifunga.

Vyuo vinaipenda njia hii kwa sababu inayoeleweka. Mwanafunzi aliyejifunga ni kiti kilichokwisha kujazwa, na chuo hakihitaji tena kubahatisha ni wangapi kati ya waliokubaliwa watafika kweli. Ndiyo maana University of Chicago, ambayo zamani haikuwa ikimfunga mtu, ilianzisha utaratibu huo mwaka 2016, na University of Virginia, iliyokuwa imeuacha, ikaurudisha mwaka 2019. Viko vyuo ambavyo zaidi ya nusu ya darasa la mwaka wa kwanza hutokana na waliojifunga mapema. Ni kweli pia kwamba kati ya wanaoomba mapema hukubaliwa sehemu kubwa zaidi kuliko kati ya wanaoomba baadaye, ingawa humo ndani wamo wanamichezo walioitwa na makocha, watoto wa wazazi waliosoma chuo hicho hicho, na wanafunzi waliokuwa tayari kuliko wenzao. Tofauti yote hiyo isihesabiwe kuwa ni baraka ya tarehe.

Wamarekani wenyewe wamebishana sana juu ya haki ya utaratibu huu. Mwaka 2006 Harvard ilitangaza kuacha maombi ya mapema, Princeton na Virginia zikafuata, na hoja yao ilikuwa kwamba njia hiyo inawanufaisha walio na nafasi tayari. Vyuo vingi vingine havikufuata, na mwaka 2011 Harvard na Princeton zikarudi, zote mbili kwa tawi lisilofunga. Agosti 2025 kesi ilifunguliwa katika mahakama ya shirikisho dhidi ya vyuo kadhaa, walalamikaji wakidai kwamba kujifunga huku kunaua ushindani na kupandisha gharama.

Kiini cha ubishi huo mtu wa Dodoma anakielewa bila kusoma gazeti. Hapa kwetu wapo wanaopanda mtama na uwele katika vumbi, kabla mvua za Desemba hazijatulia. Mvua ikinyesha na kuendelea, mmea wao huwa umetangulia wa jirani. Mvua ikinyesha mara moja na kukata wiki tatu, mbegu huota na kukauka. Mwenye ghala hurudi ghalani akachukua mbegu nyingine, na mwaka wake hauharibiki. Mwenye debe moja tu hawezi kuuchezea mchezo huo, hata kama ana akili ya kilimo kumzidi jirani yake.

Kijana anayejifunga kwa chuo kimoja mwezi Novemba anakubali kununua kabla hajaona bei atakayopata pengine. Mzazi anayeweza kulipa ada yote hapotezi chochote. Anayehitaji msaada wa fedha anapoteza nafasi ya kuweka barua tatu mezani na kuuliza ipi ina msaada mkubwa. Sheria za vyuo humruhusu kujitoa ikiwa msaada aliopewa hautoshi, lakini kufikia hapo Desemba huwa imefika katikati na zimebaki wiki mbili tu za kuandaa maombi mengine. Zaidi ya hayo, kwa mwombaji kutoka nje ya nchi, vyuo vingi huangalia uwezo wa kulipa katika kuamua kama vitamkubali. Visivyofanya hivyo ni vichache, miongoni mwao Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst. Kwa hiyo yeyote kati yenu mwenye ndoto hiyo, na sina nia ya kuikata, aombe mapema pale tu anapobaki huru, na asitie saini ya kujifunga mpaka nyumbani wamekaa na kuhesabu fedha. Na akumbuke kwamba Novemba hiyo ni muhula wa kwanza wa kidato cha sita, matokeo pekee ya taifa aliyonayo ni ya kidato cha nne, na walimu wanaotakiwa kumwandikia barua za kumwelezea wanapaswa kuombwa Agosti, si siku tatu kabla. Niliwahi kuletewa fomu ya namna hiyo jioni, ikitakiwa usiku uleule. Niliijaza, lakini haikuwa barua nzuri.

Kuhusu mawakala nitasema kwa kifupi. Mtoto wa mdogo wangu alilipa amana kwa wakala mmoja, ambaye sitamtaja, baada ya kuambiwa kwamba nafasi ingepotea asipolipa wiki hiyo. Barua ya kukubaliwa ilikuja kwa siku tatu, na fedha hazikurudi alipogundua kwamba kozi haikuwa ile aliyoitaka. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, ulizeni Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, kama wakala huyo anatambulika na kama chuo hicho kina ithibati katika nchi yake, kwa sababu TCU hiyo hiyo ndiyo inayotoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma nje.

Sasa nije nyumbani, ambako wengi wenu mtasoma. Sisi tuliomba vyuo kwa fomu za karatasi zilizopita posta. Kuanzia mwaka 2010 TCU ilileta mfumo wa pamoja, kila mwombaji akiingiza machaguo yake mahali pamoja, na mwaka 2017 mfumo huo uliondolewa, kila mtu akaanza kuomba moja kwa moja chuoni. Hapo ndipo mbio zilipoanza. Matokeo ya mtihani wa Mei hutoka Julai, dirisha la kwanza hufunguliwa siku chache baadaye, na usiku huo mtandao huelemewa na vijana wanaoamini kwamba wa saa ya kwanza atamtangulia wa wiki ya tatu.

Wajukuu zangu, hamtangulii. Ndani ya dirisha moja chuo hukusanya maombi yote kwanza, kisha huwapanga waombaji kwa sifa na ufaulu kulingana na nafasi za kila programu. Mwenye alama bora aliyeomba siku ya mwisho atakaa juu ya mwenye alama pungufu aliyeomba usiku wa manane wa siku ya kwanza. Kinachobadilika ni dirisha lenyewe. Dirisha la pili hupokea nafasi zilizobaki, na programu zinazogombewa, kama udaktari, mara nyingi huwa zimekwisha kujaa. Kwa hiyo wahini dirisha la kwanza, lakini tumieni siku zake za mwanzo kusoma mwongozo wa TCU na kuona programu mnayoitaka inadai masomo gani. Kiwango cha jumla ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi yenye jumla ya pointi 4, lakini programu nyingi zinadai zaidi ya hapo, na nimeona ada ya maombi ikilipwa vyuo vinne kwa programu ambayo tahasusi ya mwombaji, yaani mchanganyiko wa masomo aliyosoma, haikuiruhusu hata kimoja. Atakayechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja atatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri ndani ya muda uliopangwa. Hapo ndipo pa kujifunga kwetu, na uzuri wake ni kwamba unajifunga ukiwa umekwisha kuziona barua zote.

Kuwahi kwenye faida hapa kwetu ni kuwahi karatasi. Yule niliyesema alipoteza mwaka ni binti wa jirani yangu, aliyekuwa na ufaulu mzuri, ila cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa na jina la babu yake la Kigogo na cheti cha kidato cha nne kilikuwa na jina la ubatizo la baba. Bodi ya Mikopo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo, na aliyefiwa na mzazi huhakikisha pia cheti cha kifo. Binti aligundua tofauti ya majina mwezi Agosti, akaanza kuzunguka kwa wakili na ofisi za serikali, na muda wa maombi ya mkopo ukafungwa akiwa bado kwenye foleni. Wazazi wake hawakuwa na ada. Kazi hiyo ingefanyika Februari bila jasho. Tazameni vyeti vyenu mwezi huu, herufi kwa herufi, na cha mzazi wenu vilevile.

Liko jambo la mwisho kwa mtakaoitwa JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, iwe Makutupora hapa karibu au kambi za mbali. Matokeo na dirisha la kwanza huenda vikawakuta kambini, ambako simu haiko mkononi muda wote. Kabla ya kuondoka, mwachieni mtu mmoja mnayemwamini nyumbani bahasha yenye nakala za vyeti, namba ya mtihani, na orodha ya programu mlizozichagua wenyewe kwa mpangilio, na laini ya simu mtakayoijaza kwenye maombi iwe ile itakayobaki mikononi mwake, kwa kuwa namba ya siri ya uthibitisho hutumwa huko. Asiye na mtu wa kumwachia aje Jumamosi yoyote asubuhi, baraza langu liko wazi na bahasha ninazo.

Ni mimi babu yenu,
Mwalimu mstaafu,
Kikuyu, Dodoma.