Risala ya Klabu ya Kompyuta kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu wetu na wazazi wote mliofika, shikamooni.

Sisi wanaklabu tupo 34 na kompyuta ni 5, kwa hiyo ukija saa tisa alasiri utakuta watu sita saba kwenye kioo kimoja tunabishana kwa sauti. Kuna wazazi wanasema watoto wanacheza tu hawasomi, ndo maana leo tumeona tueleze tunachofanya mle ndani.

Gemu tuliyoanza nayo ni ya zamani sana, iliandikwa Marekani jimbo la Minnesota mwaka 1973, ya kuuza juisi ya limau. Unaanza na dola 2, unaambiwa hali ya hewa, afu unaamua glasi ngapi, mabango mangapi, bei gani. Mvua ikinyesha juisi imekudodea.

Mwalimu akasema limau tuwaachie wenyewe, sisi watu wa Kigoma tutengeneze ya dagaa. Tukaiandika kwenye Eksel, ile programu ya majedwali ya hesabu, na hapo ndo tukaona biashara ya mama zetu ilivyo nzito, maana mbalamwezi ikiwaka wavuvi hawatoki kwa kuwa taa hazivuti dagaa, mvua ikikuta mzigo umeanikwa pale mwaloni Kibirizi umeumia, tukaweka na Ziwa Tanganyika kufungwa lisivuliwe miezi 3 kama 2024 kuanzia Mei 15. Mara ya kwanza makundi yote yalikata mtaji, yani yote! Mara ya tatu kundi la wasichana wa kidato cha pili likatoboa, walikuwa wanaanika nusu, nusu wanauza mbichi siku hiyohiyo, na hela ya miezi ya kufungwa wameitenga mapema.

Lakini kushinda kunaweza kuwa bahati tu, kwa hiyo kila kundi lazima liandike sababu kwenye daftari kabla ya kubonyeza, afu mwisho tunasoma tulikosea wapi. Kwetu sisi hilo daftari lina thamani kuliko gemu yenyewe.

Mheshimiwa, tunaomba kompyuta 4, hata zilizotumika, na betri ya kushikilia umeme, kwa sababu ukikatika katikati ya msimu kazi yote inapotea na watu wanaondoka na hasira. Na ombi lisilo na gharama, utuitie wafanyabiashara wa dagaa siku moja waje, maana bei tulizoweka ni za kukisia na mama mmoja alizisoma akasema tumejipendelea.

Tunaomba kuwasilisha.