TAARIFA YA MWENYEKITI KWA WANACHAMA, MWAKA 2022

Ndugu wanachama,

Vikao vilikaa, rambirambi zilifikishwa, hafla ya Desemba mliila wenyewe. Tulianza 64, tumebaki 61. Ada zilizoingia ni shilingi 9,150,000. Zisizolipwa ni 3,300,000, na wadaiwa wengine wamekaa viti vya mbele.

Niingie kwenye hatifungani, yaani hati ya kuikopesha Serikali kwa riba, maana najua ndiyo iliyowajaza leo. Mwezi Agosti kamati ilinunua hatifungani ya Serikali ya miaka 20, yenye thamani ya milioni 40 na riba ya asilimia 12.10. Mitaani inasemwa mwenyekiti "amezika" fedha hadi 2042. Nimezika wapi? Imeandikwa kwa jina la chama, si langu. Serikali ndiyo imetukopa sisi: kila miezi sita inaleta 2,420,000, bila kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hujalipwa, na siku ikiiva milioni 40 zinarudi. Tukibanwa kabla ya hapo, dalali anaiuza kwa niaba yetu katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kweli, hatifungani mpya zikija na riba kubwa zaidi, yetu itashuka bei. Hilo nililisema na limo kwenye muhtasari. Au tusiuze: tuiweke benki kama dhamana, tukope, huku riba yake ikiendelea kuingia kwetu.

Sasa tazameni dhamana za mikopo mlizozoea ninyi. Kabatini mna kadi sita za pikipiki. Nilipozifuatilia, pikipiki mbili zilishauzwa, na kadi moja kumbe ni kivuli cha rangi, kimekunjwa vizuri kabisa. Kuna na hati ya nyumba ya familia isiyo na ridhaa ya mke. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaitaka ridhaa hiyo. Mkopaji akishindwa kulipa, tutauza nini? Ndiyo maana mkopo ule niliuzuia, na nimenuniwa hadi msibani.

Wapo wanaosema tungenunua wakati riba ni asilimia 15.49. Hoja hiyo niliileta mimi, Novemba 2021. Mlikuja 17, na akidi, yaani idadi ya chini ya kupitisha jambo, ni 32. Aprili 2022 riba ya miaka 20 ikashushwa. Tofauti yake kwetu ni 1,356,000 kwa mwaka, na mahudhurio ya siku ile ninayo hapa, atakaye aje ayasome.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tutaongeza hatifungani nyingine na tutatazama suala la ofisi.

Mhazini yupo meza ya kushoto na kitabu cha risiti.

Mwenyekiti