Nimewapa timu uhuru, sasa mteja mmoja anahesabika watatu

Wakuu habari za saa hizi, naombeni ushauri maana kichwa kinaniuma kweli. Naongoza vijana wa programu kwenye kampuni ya mikopo midogo hapa Dar, timu tatu, watu 14. Bosi aliyenitangulia hata rangi ya kitufe lazima apitishe yeye, akisafiri kazi zinalala. Mimi nilivyokabidhiwa nikasema kila timu iamue mambo yake, nilikuwa nimesoma ule mtindo wa Spotify (kampuni ya muziki mtandaoni) wa 2012 wa vikosi vidogo vinavyojitegemea nikaona ndo dawa. Na kweli, kitu cha miezi miwili kikawa kinatoka ndani ya wiki tatu.

Juzi kaja mhasibu, hesabu za mwezi hazikai. Tukachimba. Namba ya simu timu ya usajili wanaihifadhi inaanza na 07, malipo wao inaanza na 255, ripoti wameweka na alama ya kujumlisha mbele, kwa hiyo mama mmoja wa Mbagala sistimu inamuona watu watatu, kalipa rejesho lake na bado anatumiwa meseji anadaiwa (nilisikiliza alivyopiga huduma kwa wateja, aibu tupu). Saa nayo hivyo hivyo, wengine wanatunza saa ya hapa, wengine UTC, ile saa ya kimataifa, iliyo nyuma masaa 3, basi ukilipa saa nane usiku ripoti inakuhesabu jana yake. Na ukiangalia timu moja moja kazi yao safi kabisa, huna wa kumgombeza.

Nikaita kikao nikasema namba na saa tuwe na utaratibu mmoja. Dogo anayeongoza malipo, ndo mkali wangu kuliko wote, akasema "Braza si ulisema tuamue wenyewe?" Nikakosa jibu. Toka siku hiyo nikiuliza kitu wananiambia "sema wewe unatakaje tufanye", yani walivyokuwa wanamjibu yule bosi.

Mimi naona vinavyotoka timu moja kwenda nyingine viwe vya wote, namba, saa, API (njia ya sistimu moja kuongea na nyingine), ila vya ndani kila mtu afanye anavyojua. Sasa mpaka huo auweke nani? Nikiweka mimi nimerudi kule kule, nikiwaachia watabishana mpaka Krismasi. Nawaza nimwite dogo pembeni nimkabidhi yeye hiyo kazi, au ndo ataona namziba mdomo? Mliowahi kuongoza mlianzia wapi?