Barua kuhusu duka la zamani

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Mengine tutaongea kwa simu. Leo acha nikusimulie duka, maana najua hakuna mwingine atakayenivumilia.

Ni duka kubwa la ghorofa, la enzi zile za kuuza kila kitu chini ya paa moja, kuanzia uzi hadi kabati. Ghorofa ya chini wameing'arisha kwa taa na vioo, manukato yanakupokea mlangoni, na ukipita haraka utadhani limejengwa juzi. Panda hadi ya tatu, kwenye mashuka na masufuria ambako wateja ni wa kuhesabu, ndipo utaliona jengo lenyewe.

Kibao kimoja cha dari bandia kilikuwa kimechomoka. Nikachungulia. Juu yake ipo dari ya asili: plasta iliyofinyangwa maua na majani, weupe wake umegeuka kahawia, na mabomba ya kiyoyozi yamepitishwa katikati bila huruma. Nguzo wamezivika mbao, ila pembe moja imeachia, na ndani unaona chuma cha kusubu chenye mifuo kutoka juu hadi chini. Kwenye terazo kuna mistari iliyonyooka palipokuwa na kaunta, na kando yake sakafu imelika kwa miguu ya wateja waliokuwa wakisubiri kuhudumiwa. Mhudumu aliniuliza kama nimedondosha kitu.

Unajua kwa nini maduka haya yalijengwa na uwazi mkubwa katikati? Mwanzoni hazikuwa mbwembwe. Mwanga wa mchana ulihitajika ufike hadi chini. Jengo la Le Bon Marché, Paris, lilianza kujengwa 1869, na baadaye kampuni ya Gustave Eiffel ikahusika na kazi ya chuma. Chuma ndicho kilichowaondolea kuta nene na kuwaruhusu kuezeka vioo. Galeries Lafayette, duka jingine la Paris, walipozindua kuba lao la vioo vya rangi mwaka 1912, umeme ulishazoeleka. Hapo ilikuwa fahari tu.

Hili langu, uwazi wameuziba kwa sakafu ili wapate pa kupanga bidhaa. Ukingo wa shaba wameuacha palepale, umezunguka sakafu tupu, haumzuii mtu kuanguka popote.

Louis Sullivan, msanifu majengo wa kule Chicago, alikuwa mjanja. Kwenye jengo lake la duka lililoanza 1899, mapambo ya chuma aliyarundika ghorofa mbili za chini, mpita njia ayaone bila kuinua shingo. Juu akaacha weupe na madirisha mapana. Duka lilifungwa 2007, jengo bado lipo.

Wanaolalamika kwamba duka langu limetelekezwa siwaungi mkono sana. Chini, ambako hela ilikuwepo, wamebandua kila kitu. Huku juu bajeti haikufika, wakafunika tu, na kilichofunikwa kimesalimika. Najua La Samaritaine, duka la Paris pia, ilifungwa 2005 ikarudi 2021 ikimeremeta, lakini ile ni ya LVMH, kampuni kubwa ya bidhaa za anasa, wenye mifuko yao.

Sasa wewe uliyesomea ujenzi, niambie: ile dari bandia inaning'inia kwa waya zilizopenyezwa kwenye plasta. Wakiishusha, plasta itabaki juu au itakuja nayo? Nijibu kabla sijaenda kumsumbua meneja wao.

Wako akupendaye