Vikao vya harusi vihame baa

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kwamba mtu anayeshindwa kuacha pombe amekosa nia tu. Yeye, kwa maelezo yake, aliamka asubuhi moja akasema basi, na ikawa basi. Nampa hongera. Ila asitupimie wote kwa kibaba chake.

Mimi ni fundi majokofu hapa Tabata, Dar es Salaam. Anayeijua Tabata anajua kwamba riziki ya fundi majokofu wa huku haitoki kwenye friji za majumbani, inatoka baa. Jokofu la bia la milango miwili ya kioo likigoma Ijumaa mchana, mwenye baa hamtafuti mtu mwingine ila mimi. Nitaziba panapovuja, nitajaza gesi, nitasubiri hadi kioo kishike ukungu. Kisha malipo yanakuja nusu kwa fedha na nusu kwa maneno: "Fundi, kaa hapo kwanza, upate mbili za kupoza koo." Katika maisha yangu sijawahi kuona mbili za kupoza koo zikabaki mbili. Kwa miaka mingi nilikunywa kila siku ya kazi, na kazi yangu haina Jumapili.

Sasa nimepunguza. Sijaacha, na sitaki sifa ya jambo ambalo sijalifanya. Nakunywa Jumamosi, nyumbani, chupa mbili, baada ya kula. Kwenye baa ninakofanya kazi tulikubaliana hela yangu niipewe mkononi yote, na zile mbili apewe mlinzi. Wapo waliokasirika. Mmoja alinihama akatafuta fundi mwingine, akarudi baada ya nyama zake kuharibika. Hayo ni ya biashara, nayaacha.

Turudi kwenye hiyo nia. Nina rafiki, fundi rangi, tumefanya naye kazi kwenye majengo mengi. Yeye alifika hatua ya kutoa loki: asipoonja kitu asubuhi, mkono haushiki brashi. Jumamosi moja usiku, baada ya maneno makali kutoka kwa dada yake mkubwa, akaapa kwamba ile ndiyo ya mwisho. Na kweli hakuonja tena. Jumapili jioni jasho linamtoka feni ikiwa imewashwa, mikono inatetemeka, chakula hakipandi. Jumatatu alfajiri akaanguka chooni kwa degedege. Wakasema kifafa. Jumanne akawa anafukuza wadudu ukutani na kumjibu mtu aliyesimama mlangoni ambaye sisi hatumwoni. Hapo tena hawakusema kifafa, walisema majini, wakaita watu wa maombi, na muda ukawa unakwenda.

Nilipofika nyumbani kwake nilikuta amefungwa kitenge mikononi asijiumize. Tulimpakia kwenye bajaji mimi na shemeji yake, tukampeleka hospitali. Daktari, kijana mdogo tu, aliuliza swali moja ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza tangu Jumapili: "Mara ya mwisho amekunywa lini?" Akatueleza kwamba mwili uliozoea pombe kila siku, tena nyingi, ukinyimwa ghafla hucharuka. Mitetemo huanza ndani ya saa chache, degedege huweza kuja katika siku mbili za kwanza, na kule kuweweseka na kuona visivyokuwepo mara nyingi huanguka kati ya siku ya pili na ya nne. Bila matibabu mtu anaweza kufa. Alimwekea dripu, akampa dawa za kumtuliza ambazo walizipunguza siku hadi siku, na sindano za vitamini B1, maana mnywaji wa muda mrefu hupungukiwa vitamini hiyo na ubongo wake ukaharibika.

Namwuliza msomaji mwenzangu: huyu alikosa nia? Mtaani kwetu hakukuwa na mwenye nia kumzidi. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba anayetetemeka asubuhi aanzie hospitali, dirisha lile lile la wagonjwa wa nje, aseme wazi anakunywa kiasi gani, apangiwe namna ya kushuka. Barua za "acha leo leo" zinaweza kumpeleka mtu kaburini, na ninaomba gazeti lizichapishe kwa tahadhari.

Siku ile daktari alinigeukia na mimi, nadhani alinusa. Akaniuliza nakunywa ngapi, nikasema za kawaida. Akachukua kikaratasi akanipigia hesabu ambayo nimeendelea kuitumia. Chupa ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi chenyewe, sawa na gramu 20 hivi. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba gramu 60 au zaidi kwa mkao mmoja ni kunywa kupita kiasi. Chupa tatu, basi, uko mlangoni. Na kwenye kamati za harusi ambazo nimewahi kuwa mjumbe, tunapanga bia nne kwa kichwa! Tunakaa kikao, kwa kalamu na daftari, tunampangia kila mgeni apitilize, halafu kiongozi wa kamati anafunga kwa sala.

Shirika hilo hilo lilitoa tamko Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe ambacho mtu anaweza kusema ni salama kwa afya. Na wataalamu wake wa saratani waliiweka pombe kwenye kundi la visababishi vya saratani tangu mwaka 1988, wakati mimi bado nacheza chandimu. Nayasema haya kwa sababu wengi wetu tunadhani hatari iko kwenye gongo peke yake, na kwamba bia ya kiwandani ni kama uji.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Kuacha kunywa baa baada ya kazi kumenisumbua kidogo tu. Nyumbani hakukunisumbua kabisa, mama watoto alifurahi hata akaanza kuniuliza maoni yangu juu ya tamthilia. Mahali nilipopata tabu ni kwenye vikao vya harusi.

Kwa wasioishi mjini nieleze kidogo. Kijana akitaka kuoa, wazazi huita ndugu, majirani na wafanyakazi wenzao, wanaunda kamati: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kamati ya chakula, ya mapambo, ya vinywaji. Watakutana kila Jumapili jioni, miezi miwili au mitatu, kupokea ahadi na michango. Watakutania wapi? Baa. Sababu ni moja: ukumbi wa kukodi una bei, viti vya baa havilipiwi. Mwenye baa anawapa kona yao nyuma, anapanga meza mbili ndefu, na yeye anajua atarudishaje gharama zake. Kikao kimeitwa saa kumi, mwenyekiti anafika saa kumi na moja na nusu. Katika saa hiyo na nusu unadhani watu wanafanya nini, wanahesabu feni?

Halafu kuna raundi. Mjomba wa bwana harusi, kapata hela ya mahindi, anainua kidole: "Mhudumu, wape kama walivyo." Wewe ulikuwa na maji. Mhudumu anacheka, anakuwekea bia, anaifungua kabla hujasema neno. Chupa ikishafunguliwa mbele yako, kuikataa ni kumkataa mjomba mwenyewe. Hapo maswali yanaanza, na yanakuja kwa mpangilio ule ule kila mara. "Fundi, uko kwenye dozi?" Ukisema hapana: "Ah, umeokoka!" Ukisema hapana: "Basi umefulia, sema tukusaidie." Hawawazi kabisa kwamba mtu mzima, mwenye afya, hela ipo mfukoni, dini yake haimzuii, anaweza tu kuwa hataki. Wanawake wanaulizwa la mimba, tena mbele ya wakwe zao.

Mimi nina umri wa kuweza kuwatania nikavuka. Vipi kijana wa miaka 24, kaitwa kwenye kamati ya bosi wake, na ndiyo wiki ya kwanza anajaribu kupunguza? Akisusia vikao ataambiwa hana ushirikiano, na harusi yake mwenyewe ikifika ataona watu wanavyomlipa. Akienda, atawekewa. Yule rafiki yangu fundi rangi, aliyetoka hospitali kwa miguu yake na kukaa vizuri hadi shavu likarudi, alianza upya kwenye kikao. Hakuanza kilabuni wala dukani, na hakukuwa na mtu mbaya pale. Kilikuwa kikao cha kuvunja kamati, kile cha mwisho baada ya harusi, ambacho kwenye ajenda kinaitwa kusoma mapato na matumizi lakini kazi yake hasa ni kumaliza bia zilizobaki. Walimfungulia moja kwa upendo. Siku hizi anahudhuria kliniki tena.

Mtu atasema bila baa ahadi hazitoki, kwamba kinywaji ndicho kinalegeza mfuko. Ni kweli kinalegeza mdomo. Niliwahi kuwa msaidizi wa mweka hazina, naijua tofauti ya ahadi ya chupa ya kwanza na ahadi ya chupa ya nne. Ya nne ina sifuri nyingi, na mwenyewe ukimpigia Jumatano anakuuliza wewe ni nani.

Jirani yangu Mwislamu alimwoza binti yake mwaka jana, akaniweka kwenye kamati. Tulikutana barazani kwake baada ya swala ya alasiri, kwenye mikeka na viti vya plastiki, vingine vya kwangu. Kahawa ilipita kwenye vile vikombe vidogo, kashata kwenye sahani, tende kidogo. Katibu alikuwa mwalimu wa sekondari mwenye daftari la mistari lililopigwa safu tatu: jina, ahadi, alicholeta. Anasoma jina, mtu anajibu, anaandika, anapita. Adhana ya magharibi ikilia kikao kimeisha, kiwe kimeisha au hakijaisha. Sikuwekewa kitu, sikuulizwa dozi. Nilirudi nyumbani nakumbuka kila tulichokubaliana, hata bei ya mchele. Michango ilitimia na pilau nililila mimi mwenyewe, sahani mbili.

Sisemi Wakristo na wengine wote waige kahawa. Nasema viti vya bure vipo pengine. Shule za msingi zina madarasa yamekaa wazi Jumapili nzima, na mwalimu mkuu akiombwa kwa barua na kuahidiwa kufagiliwa, wengi hawana neno. Parokia na makanisa yana kumbi. Ofisi za serikali ya mtaa nyingi zina angalau benchi na mwembe. Wenye ua wana ua. Na kama kamati haina namna ila baa, basi mwenyekiti aanze saa iliyoandikwa, na atangaze mwanzoni kwamba hakuna wa kumfungulia mwenzake chupa asiyoiomba. Hilo halihitaji sheria ya Bunge. Anayetaka atanunua yake.

Najua nitajibiwa kwamba mazingira hayamnyweshi mtu. Mimi nilikuwepo viroba, ile pombe kali ya vipakiti vya plastiki, vilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017. Kijiweni kwetu walikuwepo madereva wa bodaboda waliokuwa wanaweka vile vipakiti kwenye mfuko wa shati kama kalamu, wanang'ata kona wakisubiri abiria. Vilipoondolewa, baadhi walipunguza, na hawakuwa wamekaa chini kuamua lolote. Kitu hakikuwa tena mkononi saa tatu asubuhi. Baadaye vikaja vichupa, na baadhi wakarudi. Nia zao zilikuwa zile zile wakati wote huo.

Wateja wangu wenye baa wasinielewe vibaya. Nawaombea biashara njema, watoto wangu wanasoma kwa majokofu yao. Wana wanywaji wa kutosha wanaokuja kwa hiari yao wenyewe, hawahitaji waliokuja kuchangia kadi ya mtoto wa dada.

Mimi sasa ni mjumbe wa kamati ya harusi ya mtoto wa kaka yangu, tena wameniweka upande wa vinywaji kwa kuwa najua mambo ya kupoza. Nimeshapeleka hoja mbili. Ya kwanza, bia zishuke kutoka nne hadi mbili kwa kichwa, maji yaongezwe, na pesa itakayobaki iende kwenye chakula. Hiyo bado wanabishana, shangazi mmoja anasema nitaiaibisha familia. Ya pili imepita: kuanzia Jumapili hii tunakutana shule ya msingi, darasa la nne B, saa tisa alasiri. Kaka amenung'unika kwamba madawati ni madogo. Mjumbe atakayekuwa na kiu baada ya hapo, baa iko ng'ambo ya barabara, na jokofu lake nimelitengeneza juzi, linapoza vizuri sana.

Fundi majokofu,
Tabata, Dar es Salaam