Risala ya klabu ya Kiingereza kwa mgeni rasmi, mahafali ya kidato cha sita, Moshi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu wetu, wazazi na walezi mliotoka Marangu, Machame, Kibosho na nyie mliopanda basi la alfajiri kutoka Arusha, na wadogo zetu wa kidato cha tano mliosimama nyuma sababu viti tumewapa wageni, shikamooni.

Mgeni rasmi, risala ya kwanza tuliyoandika mwalimu mlezi aliisoma akasema imejaa maneno ya gazetini, tukaichana, kwa hiyo hii tunaongea kama tunavyoongea bwenini, utatusamehe mama yetu. Sisi wa HKL na HGL, yaani Historia na Kiingereza pamoja na Kiswahili au Jiografia, tupo kumi na tisa, na kumi na moja kati yetu tunataka tukifika chuo tusome Kiingereza chenyewe, lugha na fasihi yake. Tukisema hivyo nyumbani swali ni moja tu, kwani hukijui? Miaka sita ya sekondari unafundishwa kwa Kiingereza bado unaenda kukisoma tena? Mjomba wa mwenzetu mmoja alimwambia kama shida ni kuongea si ukabebe mizigo mlimani, siku sita na wazungu unashuka Marangu Geti unaongea kama wao na hela umelipwa juu.

Mjomba hajakosea, kuongea utaongea. Ila sisi hatuendi kujifunza kuongea, tunaenda kujifunza kusoma, na hapa inabidi tutoe mfano manake tukiishia hapo tutaonekana tunajidai. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare akaiita Mabepari wa Venisi. Sasa kwenye jina la Kiingereza kuna neno merchant, yaani mfanyabiashara tu, tena ni mmoja, angeandika Mfanyabiashara wa Venisi na hakuna ambaye angemuuliza. Yeye akaweka mabepari, wengi. Miaka miwili nyuma, 1967, Azimio la ujamaa lilikuwa limepitishwa hapo Arusha, na bepari wa kwenye Azimio sio mtu wa kuonewa huruma. Tulibishana wiki nzima kwa neno hilo moja, mpaka matroni akaja kuzima taa mara mbili, wengine wanasema Mwalimu kamlisha Shakespeare maneno, wengine wanasema kamsoma vizuri kuliko hao wanaomsifia kila siku, mimi nipo kundi la pili na bado sijabadilika. Hicho ndo tunataka kwenda kukifanya miaka mitatu, kukaa na neno mpaka liseme limetoka wapi na kwa nini limewekwa pale na sio lingine.

Na upande wa lugha, isimu yenyewe, utamu upo vile vile. Wanormani walipoiteka Uingereza 1066 waliingia na Kifaransa chao, mabwana wakawa wanakula na wenyeji wanachunga, ndo maana mpaka leo nguruwe akiwa bandani ni pig, neno la wachungaji, akishapikwa ni pork, neno la walaji. Na sisi je? Bandani nguruwe, mezani kitimoto, na hakuna Mnormani aliyepita Moshi. (Tunaomba radhi kwa wazazi wetu Waislamu, mfano ulikuwa mzuri mno kuuacha.) Hata shule, hili neno tunalolitaja kila siku, ni la Kijerumani.

Shida yetu mgeni rasmi ni vitabu. Riwaya moja ya mtihani tuna nakala tatu, watu kumi na tisa, na moja kati ya hizo tatu kurasa za mwisho zimechomoka, kwa hiyo kuna wenzetu mwisho wa hadithi wameusoma kwenye noti za waliomaliza mwaka juzi, na hizo noti hazikubaliani. Halafu kuna kitabu ambacho hatuna hata jalada lake. Peter Palangyo, mtoto wa Nkoaranga hapo Meru, aliandika riwaya kwa Kiingereza ikatoka 1968, Dying in the Sun, katika zile za mwanzo kabisa za Kiingereza kuandikwa na Mtanzania, na baadae akawa balozi. Waandishi wa Nigeria na Ghana tumewasoma na tunawapenda, ila huyu ambaye basi la Arusha linapita chini ya kwao hatumjui. Tunaogopa yasitokee ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, kafundisha fasihi hii hii chuo kikuu cha Kent mpaka kastaafu, halafu 2021 anapewa Nobeli ndo huku watu tunaulizana ni nani huyo.

Kuhusu ajira tunajua mtauliza. Aliyeleta spika leo kwa bodaboda, yule pale mlangoni, ana digrii ya ualimu wa Kiingereza, jioni akipita anatusahihishia insha bure. Kwa hiyo hatudanganyiki. Lakini mwalimu ametuambia wewe ulikaa kwenye madawati haya, ukaanza kazi kwa kuhariri kumbukumbu za kesi za Mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda pale Arusha mpaka inafungwa 2015, sehemu ambayo neno moja likikosewa ni maisha ya mtu, na sasa upo Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tunachotaka utuambie ukweli wote, miaka mingapi ulikaa kitaa kabla ya hapo, ulijaribu nini ukakosa, mshahara wa kwanza ulitosha kodi au hapana.

Maombi yetu ni mawili. La kwanza nakala kumi za riwaya ya mtihani na hata mbili tu za Palangyo, za mtumba ni sawa kabisa. La pili ni dogo, wakati wa pilau usikae meza kuu. Mkuu wa shule tumeshamuomba kakubali, kiti chako tumekiweka meza ya wazazi, katikati ya yule mjomba na baba yangu mimi.

Naomba kuwasilisha.